Jozi Isiyokuwa Jozi: Uchambuzi wa Kisa cha Taa Mbili za Ukutani za Serge Mouille

Usuli wa kisa

Kisa hiki kinahusu taa mbili za ukutani zilizonunuliwa mnadani katika mji mmoja wa mikoani nchini Ufaransa, zikiwa zimeorodheshwa kama jozi moja ya Serge Mouille, mbunifu wa taa wa Kifaransa, ya miaka ya 1950. Mnunuzi, ambaye nitamwita Bi. M., ni mama wa makamo aliyekulia pwani ya Afrika Mashariki na kuishi Ufaransa zaidi ya nusu ya umri wake. Mimi ni fundi wa kukarabati taa za zamani, na taa hizo zililetwa kwangu zikiwa tayari zimeshalipiwa na kuguswa na mkono wa fundi mwingine. Jina la kampuni ya mnada, mji, tarehe na bei nimeviondoa, na Bi. M. ameridhia kisa chake kiandikwe kwa sharti hilo.

Kila taa ilikuwa na kibati cha kupachika ukutani, mkono mmoja mrefu na mwembamba wa bomba la chuma unaozunguka kushoto na kulia, na kofia ya alumini, ile ambayo vitabu huiita chengeu, iliyopakwa rangi nyeusi isiyong'aa kwa nje na nyeupe kwa ndani. Kofia imeshikwa na kiungo kidogo cha shaba njano kinachoiwezesha kuinama, kuinuka na kugeuka. Nyuma ya kofia pana uvimbe laini unaoficha holda ya balbu, umbo ambalo Wafaransa hulitaja kwa neno lenye maana ya chuchu ya chupa ya mtoto mchanga. Mtu akiliona mara moja hulisahau kwa shida, na hiyo ni sababu mojawapo ya wingi wa nakala zake.

Mbunifu na karakana yake

Serge Mouille alizaliwa Paris mwaka 1922, na hakuanzia kwenye taa. Alijifunza usonara wa fedha katika École des Arts Appliqués chini ya Gabriel Lacroix, aliyekuwa mchongaji na sonara, akahitimu mwaka 1941 na baadaye akarudi kufundisha palepale. Mwaka 1953 Jacques Adnet, aliyekuwa akiongoza Compagnie des Arts Français, kampuni ya samani na mapambo ya ndani, alimwagiza abuni taa kwa ajili ya wateja wa Amerika Kusini. Wakati huo taa za Italia ndizo zilizokuwa zikitamba, na Mouille aliziona zimejaa makorombwezo. Yeye akajibu kwa mikono mirefu myembamba, kofia nyeusi, na nafasi tupu baina ya kimoja na kingine, kana kwamba taa ni mchoro uliochorwa hewani kwa kalamu moja. Mwaka 1956 taa zake ziliingia katika duka la Steph Simon, Boulevard Saint-Germain, zikakaa pamoja na kazi za wabunifu wa samani Charlotte Perriand na Jean Prouvé. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 alijaribu nguzo za taa zinazotumia mirija ya floresenti, kisha akaacha kuzalisha taa na kujishughulisha zaidi na ufundishaji. Alifariki mwaka 1988. Tangu mwaka 1999 miundo yake inatolewa upya kwa idhini ya familia, na kila taa ya toleo hilo hupigwa chapa na kupewa namba.

Mambo mawili katika historia hii ndiyo yaliyokiendesha kisa chetu. La kwanza ni kwamba uzalishaji wa awali ulidumu takriban miaka kumi tu, kwa hiyo taa halisi za wakati ule ni chache na bei zake ziko juu. La pili, ambalo wengi hawalipi uzito, ni kwamba Mouille alikuwa sonara mwenye karakana ndogo. Bati jembamba la alumini lililofinyangwa na mkono wa mtu halitoi vipande viwili vinavyolingana kama sarafu. Taa mbili zilizotoka karakana hiyo wiki moja zinaweza kutofautiana kidogo kwa uzito, kwa ukingo wa kofia, hata kwa pembe ya uvimbe wa nyuma. Basi mtu anayechunguza jozi hawezi kusema, "Hizi hazilingani, kwa hiyo moja ni bandia." Kazi yake ni kutenganisha tofauti iliyoletwa na mkono na tofauti iliyoletwa na wakati, na hapo ndipo ugumu wote ulipo.

Mambo yalivyotokea

Siku mbili kabla ya mnada, Bi. M. alinitumia picha nne kwa simu, mbili za taa zikiwa zimelazwa juu ya meza na mbili za kofia kwa karibu, akaniuliza naonaje. Nilikuwa juu ya ngazi nyumbani kwa mteja mwingine. Nilizitazama picha kwa muda usiotosha hata kuchemsha chai, nikamjibu kwamba zinaonekana nzuri na kwamba kofia zina umbo sahihi. Sikumwambia anunue, lakini yeye alilichukua jibu langu kama ruhusa, na simlaumu. Alishindania kwa simu, akazipata.

Zilipofika nyumbani, waya zake zilikuwa zimekauka na kupasuka, jambo la kawaida kwa taa za umri huo, na mpwa wake ambaye ni fundi umeme alijitolea kuzitia waya mpya. Alifanya kazi safi. Aliondoa waya za zamani na holda zote mbili, akapitisha waya mpya wa nyuzi tatu ndani ya mikono, akaunganisha ethi kwenye vibati vya ukutani, akafunga holda mpya za balbu ya skrubu. Kwa upande wa usalama hakuna alichokosea: taa ya chuma isiyo na ethi ni hatari. Waya za zamani zilikwenda kwenye ndoo ya taka.

Baada ya kuziweka ukutani kwa wiki moja, Bi. M. aliona mambo mawili yaliyomkera. Kofia ya taa ya kulia ilikuwa ikiteremka yenyewe taratibu, hata akilala imeelekea juu huamka ameikuta inatazama sakafu. Tena weusi wa taa hizo haukuwa mmoja. Usiku zilifanana, lakini asubuhi, mwanga wa dirishani ulipozipiga, ya kushoto ilikuwa na weusi wenye ukahawia kwa mbali, kama makaa yaliyopoa, na ya kulia ilikuwa nyeusi yenye ubluu. Akaamua zipakwe rangi upya zote mbili, ndipo akaniletea.

"Fundi, nataka ziwe pacha," alisema alipoziweka juu ya meza yangu. "Hizi zimetoka tumbo moja, mbona moja imekuwa na rangi yake?"

Nilikuwa nimeshachukua msasa mkononi. Kilichonizuia si ujuzi mkubwa, ni swali lake. Kama zilitoka karakana moja na kukaa ukuta mmoja kwa miaka sitini, zikapigwa na jua lilelile na moshi uleule wa sigara, kwa nini zizeeke kwa rangi mbili tofauti? Nikamwomba aniachie kwa siku tatu bila kuguswa rangi.

Nilianza na vibati vya ukutani, kwa sababu ni sehemu ambayo hakuna anayeitengeneza ili ionekane. Kibati cha taa ya kushoto kilikuwa na chembe za plasta ngumu kwa nyuma, na kwenye ukingo wake, nilipoutazama kwa lenzi, kulikuwa na mistari myembamba ya rangi za ukuta iliyolaliana: krimu chini, kijani kilichopauka katikati, nyeupe juu. Mara tatu mtu alipaka chumba rangi bila kuishusha taa, na kila mara brashi yake ilipitiliza. Kibati cha taa ya kulia kilikuwa na kutu kidogo kilichosambaa sawasawa mno, na ukingo wake ulikuwa safi.

Kisha nikageuza kofia. Ndani ya kofia ya kushoto, weupe ulikuwa umegeuka rangi ya chai ya maziwa karibu na mahali balbu inapokaa, na ukawa unapungua kidogo kidogo kuelekea ukingoni. Ndivyo rangi inavyoungua kwa joto la balbu za zamani: huanzia kwenye chanzo, na hufifia kwa utaratibu. Ndani ya kofia ya kulia kulikuwa na ukahawia pia, lakini ulikuwa umeenea kote, na ulikolea zaidi ukingoni kuliko karibu na balbu. Nililowesha pamba kwa maji ya uvuguvugu na tone la sabuni, nikasugua sehemu ndogo kama ukucha. Pamba ikatoka na rangi ya kahawia, na chini yake pakabaki weupe wa maziwa mabichi. Uzee ule ulikuwa umepakwa.

Jambo la tatu lilikuwa kiungo. Kiungo cha taa ya kushoto kilikuwa cha shaba njano tupu, kimelika upande mmoja ambako kofia ilizoea kuinamishwa, na mliko huo uling'aa kama kitasa cha mlango wa msikiti wa zamani. Kile cha kulia nacho kilikuwa na rangi ya shaba. Nikachukua sumaku ndogo ninayoitumia kuokotea skrubu zilizoanguka, nikaisogeza. Ikanata. Shaba njano haivutwi na sumaku. Kile kilikuwa chuma kilichovikwa ngozi ya shaba, nacho ndicho kilichoshindwa kuukamata uzito wa kofia. Sauti yake ilikuwa ndogo, tiki moja tu, lakini Bi. M., niliyekuwa nimempigia simu ya video, aliisikia akanyamaza.

Rangi ya nje ilithibitisha yaliyobaki. Kwenye taa ya kushoto ilikuwa nyembamba, na pale ilipomeguka alumini ilionekana imeshafifia. Ya kulia ilikuwa nene na yenye vinundu vidogo sana kama ganda la chungwa, dalili ya rangi ya unga iliyookwa, kazi ambayo haikuwa ya kawaida katika karakana ndogo ya miaka ya 1950. Skrubu za ndani ya kiungo cha kulia zilikuwa na kichwa cha nyota, za kushoto zilikuwa za mfereji mmoja. Jambo la skrubu peke yake nisingelitegemea, kwa kuwa skrubu hubadilishwa na mtu yeyote mwenye bisibisi. Wala uzito sikuutegemea, ingawa kofia moja ilikuwa nzito zaidi kwa gramu arobaini na kitu, kwa sababu niliyoitaja ya mkono wa sonara. Na ukosefu wa chapa nao haukusema lolote, kwa kuwa taa nyingi za awali za Mouille hazina saini; ulitosha tu kutuonyesha kwamba ya kulia haikuwa ya toleo halali lililoanza mwaka 1999.

Hitimisho langu likawa kwamba taa ya kushoto ilikuwa na kila dalili ya kutoka katika wakati wake, na ya kulia ilikuwa nakala ya miaka ya karibuni iliyozeeshwa kwa makusudi ili imkamilishe mwenzake. Mtu alikuwa na taa moja halisi, akajua kwamba jozi huuzwa kwa bei kubwa kuliko mara mbili ya taa moja, akaitafutia ndugu.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kusimamisha kila kitu: hakuna rangi, hakuna usafi, hakuna kukaza kiungo. Bi. M. hakuupenda, kwani alikuwa na wageni wiki iliyofuata na ukuta ulikuwa na matundu manne. Nilimweleza kwamba kila nitakachosafisha kuanzia hapo kitakuwa ushahidi ninaoufuta, akaazima taa ya mezani kwa jirani.

Uamuzi wa pili ulihusu maneno ya ankara ya mnada. Ufaransa ina amri ya serikali ya tarehe 3 Machi 1981 inayoyapa uzito wa kisheria maneno ya uuzaji wa sanaa na vitu vya ukusanyaji, na mnunuzi asiyeifahamu hushika karatasi yenye thamani bila kujua. Jina la msanii likiandikwa bila kizuizi chochote mbele ya kitu, muuzaji amedhamini kwamba msanii huyo ndiye mwenye kazi. Likitanguliwa na "attribué à", yaani inakisiwa kuwa yake, amedhamini kwamba kitu kilitengenezwa katika wakati wa msanii huyo na kwamba pana sababu nzito za kumdhania. Yakiandikwa maneno ya "kwa mtindo wa" au "kwa namna ya", hakuna dhamana yoyote ya mtengenezaji. Ankara ya Bi. M. ilisema jina, miaka ya kuzaliwa na kufa, kisha "paire d'appliques", jozi ya taa za ukutani, na makisio ya mwaka. Hapakuwa na kizuizi. Dhamana ilikuwa kamili, na iliwahusu wote wawili, halisi na mgeni wake.

Tulijadiliana kama tuwaandikie kampuni ya mnada mara moja au tutafute kwanza mtaalamu mwingine. Nilishauri tuandike mara moja, kwa upole, tukieleza tulichokiona bila kumtuhumu mtu, na kuomba picha za orodha ya mnada kwa ukubwa wake wa asili. Muda haukuwa tatizo, kwa sababu sheria ya Ufaransa inatoa miaka mitano tangu siku ya mnada kudai fidia kwa muuzaji wa namna hiyo. Tatizo lilikuwa picha, ambazo makampuni hayo hayana wajibu wa kuzihifadhi milele.

Picha zilikuja, na jibu likaja nazo. Kampuni ilisema kwamba taa zimefunguliwa, waya na holda zimebadilishwa, na kwa hiyo haiwezekani kujua kama vilivyo mbele yetu ndivyo vilivyouzwa. Lilikuwa jibu la haki, hata kama lilituuma. Bi. M. alimpigia mpwa wake simu nami nikiwapo.

"Zile waya za zamani uliziweka wapi, mwanangu?"

"Mama mkubwa, si nilizitupa? Zilikuwa zinamomonyoka mkononi."

Kilichotuokoa kilikuwa ndani ya picha zao wenyewe. Zilipokuzwa, mkia wa waya uliotoka kwenye kibati cha taa ya kushoto ulionekana wazi kuwa wa kitambaa kilichofumwa, na ule wa taa ya kulia ulikuwa wa plastiki uliopakwa kitu cha kahawia kilichoganda vipande vipande. Picha hiyohiyo ilionyesha mmeguko mdogo wa rangi wenye umbo la mundu kwenye kofia ya kushoto, na mmeguko huo ulikuwa bado uko palepale juu ya meza yangu. Kwa maana hiyo taa zilikuwa ni zilezile, na tofauti zao zilikuwapo kabla ya mnada.

Kampuni ikakubali mtaalamu mmoja atakayeridhiwa na pande zote. Alizichunguza kwa nusu siku, akaandika kurasa tatu, na hakutofautiana nasi katika jambo lolote la msingi, isipokuwa kwamba hakuuzungumzia kabisa ukahawia wa ndani ya kofia ya kulia, kwa kuwa mimi nilikuwa nimeshausugua sehemu.

Sasa yakabaki maamuzi ya Bi. M. mwenyewe. Njia ya kwanza ilikuwa kuvunja mauziano: arudishe zote mbili, arudishiwe fedha zote pamoja na ada. Ya pili ilikuwa mahakama. Ya tatu ilikuwa kubaki na taa, arudishiwe sehemu ya fedha, na apewe ankara iliyosahihishwa. Kampuni ilipendelea ya kwanza, kwa hoja kwamba kundi moja la mnada haligawanyiki. Bi. M. alichagua ya tatu, na sababu yake aliieleza bila kuzunguka: taa halisi alikwisha kuipata, na hakutaka kuirudisha sokoni kwa kosa la mwenzake. Nilimtahadharisha kwamba kubaki na nakala kuna mzigo wake. Haki za mbunifu nchini Ufaransa hudumu miaka 70 baada ya kifo chake, kwa hiyo za Mouille zinaendelea hadi mwisho wa 2058, na anayeiuza nakala isiyo na idhini anajiweka pabaya kisheria, hata akiitaja kuwa nakala. Alisema hana nia ya kuiuza.

Matokeo

Kampuni ilianza kwa kupendekeza irudishe nusu ya bei, ikigawa jozi kwa mbili. Tulipinga kwa hoja ileile iliyomshawishi mghushi: jozi kamili ina thamani kuliko taa mbili zilizokusanywa, kwa hiyo anayebaki na taa moja amepoteza zaidi ya nusu. Tuliwaonyesha matokeo ya minada yao wenyewe. Mwishoni walirudisha kiasi cha zaidi ya nusu, wakafuta ada ya sehemu hiyo, na kutoa ankara mpya inayozitaja taa mbili katika mistari miwili, moja kwa jina la Mouille bila kizuizi, nyingine kama kazi ya baadaye ya mtengenezaji asiyejulikana. Kuanzia barua ya kwanza hadi fedha kuingia benki ilipita miezi saba.

Kwa upande wa kiufundi, taa ya kushoto sikuipaka rangi. Niliipangusa kwa pamba kavu, nikasafisha kiungo, nikatafuta holda ya zamani ya pini ili irudie hali iliyo karibu na ya awali. Wasomaji wa Tanzania na Kenya hawatashangaa, kwa kuwa balbu ya pini ndiyo tuliyokua nayo, sisi kwa urithi wa Mwingereza. Lakini Ufaransa nayo iliitumia sana majumbani katika miaka hiyo, na mtu anayekuta holda ya skrubu katika taa ya Kifaransa ya 1955 afahamu kwamba huenda mtu amepita hapo. Waya wa ethi wa mpwa niliuacha. Balbu niliyoweka ni ya LED yenye joto dogo, ili rangi ya ndani isiendelee kuungua. Taa ya kulia nilibadilishia kiungo kwa cha shaba njano kilichochongwa upya, na ndani ya kibati chake nikaandika kwa wino usiofutika neno "nakala" pamoja na mwaka.

Uchambuzi

Kilichofaa zaidi katika kisa hiki ni mpangilio wa uchunguzi, na hasa kuanzia nyuma. Mwenye kughushi hutumia nguvu zake pale macho yanapotua: umbo la kofia, weusi, rangi ya shaba. Ndiyo maana picha nne za simu zilinidanganya, kwani zilionyesha kile tu kilichoandaliwa kuonyeshwa. Ukingo wa kibati, mfumo wa kuungua kwa rangi ndani ya kofia, na mliko wa kiungo ni mambo yanayoandikwa na matumizi ya miaka, na kuyaiga kunahitaji uvumilivu ambao faida ya taa moja hailipi. Hapo ndipo tofauti ya wakati ilipojitenga na tofauti ya mkono. Uzito, ukingo uliopinda kidogo, hata skrubu, niliviweka upande wa mkono kwa makusudi, na mtaalamu alipokuja hakuwa na cha kuniondolea kwa sababu sikuwa nimejenga juu ya hayo.

Kuisoma ankara kabla ya kuandika barua nako kulifaa. Laiti ingeandikwa "kwa mtindo wa", uchunguzi wangu wote ungekuwa burudani ya mafundi. Nimeona wateja wakitumia fedha nyingi kwa wataalamu kabla ya kufungua bahasha ya mnada, na naliona jambo hilo kama kumpeleka mgonjwa upasuaji bila kumuuliza anaumwa wapi.

Yaliyoharibika ni mengi kuliko ambavyo matokeo yanaonyesha. Kosa la kwanza ni langu: maoni ya juu ya ngazi. Ningeomba picha moja ya nyuma ya kila kibati na moja ya ndani ya kila kofia, tofauti zingejitokeza kabla ya mnada, na Bi. M. angeingia akijua ananunua taa moja na nusu, au asingeingia. Siku hizi siiti picha ya simu "nzuri". Ninasema ninachokiona na nisichokiona, na nikiwa na haraka nasema nina haraka.

Kosa la pili, ambalo watu humtwisha mpwa, mimi nalitazama kwa jicho jingine. Alifanya kazi ya umeme kama alivyofundishwa, na mafunzo ya umeme yanasema waya uliopasuka ni hatari inayotakiwa kuondoka nyumbani. Hakuna aliyemwambia kwamba waya uleule ni hati. Aliyepaswa kumwambia ni mimi, siku niliposema kofia zina umbo sahihi, kwa kuwa nilijua kitakachofuata katika nyumba yoyote yenye taa ya zamani ni fundi umeme.

Kosa la tatu ni la pamba yangu. Nilipousugua ukahawia wa kofia ya kulia nilipata jibu, lakini nililipata kwa kulimaliza. Ningepiga picha kabla na baada, mbele ya shahidi, na kuacha sehemu kubwa bila kuguswa kwa ajili ya mtaalamu. Yeye alikuwa na haki ya kulinyamazia jambo ambalo fundi wa upande mmoja alikuwa ameshalitia maji. Nilimlaumu kijana kwa ndoo ya taka ilhali mimi nilikuwa na ndoo yangu.

Kuhusu uamuzi wa Bi. M. wa kubaki na taa zote mbili, mafundi wenzangu wamegawanyika. Wapo wanaosema kwamba nakala ingeharibiwa mara moja, kwa kuwa kadiri inavyoishi karibu na taa halisi ndivyo siku moja, warithi wasipojua, itakavyouzwa tena kama jozi. Hoja hiyo ina nguvu, na maandishi ya wino ndani ya kibati ni kinga hafifu kwa mtu mwenye tupa. Ankara ya mistari miwili ni kinga bora zaidi, ila karatasi na taa huwa haziishi katika droo moja. Mimi ningeirudisha. Yeye anaziwasha zote kila jioni, na anasema ya kulia inamfanya aitazame ya kushoto.

Majuma machache baada ya fedha kurudi, mpwa alifika karakana akiwa na bahasha. Katika kupanga sanduku lake la vifaa alikuta holda moja ya zamani, ya shaba, ya pini, yenye masizi mdomoni. Zile mbili alikuwa amezitoa mchana mmoja, nyingine ilikwenda na waya. Nilimuuliza hii aliitoa taa ipi. Aliigeuza kiganjani, akaitazama kwa muda mrefu, akasema, "Kaka, siku ile nilidhani zote ni moja." Holda hiyo inaingia vizuri ndani ya kofia zote mbili. Bado iko kwenye bahasha yake, na upande wa nje nimeandika tarehe tu.